Picha Nzuri Hazitengenezi Mchezo: Hoja juu ya Injini Huru za Michezo ya Shabaha

Mtu anapowekewa michezo miwili ya kompyuta mbele yake, aghalabu swali lake la kwanza ni upi wenye picha nzuri zaidi. Vijana huliuliza, wazazi huliuliza, na hata walimu wa kompyuta hawaliachi. Si swali la ajabu, kwa kuwa jicho ndilo linalotangulia kuhukumu. Lakini kwa michezo ya shabaha iliyo huru, swali hilo huficha jambo lenye manufaa makubwa zaidi kwa shule. Kinachoipa michezo hiyo tabia yake si picha zake, bali ni hesabu zilizomo ndani ya injini yake. Na hesabu hizo, kwa bahati njema, ziko wazi kwa kila anayejua kusoma.

Michezo inayokusudiwa hapa ni ile ambamo mchezaji huuona ulimwengu wa kubuni kwa macho ya mhusika mwenye silaha, hukimbia katika kumbi na viwanja, na kushindana na wahusika wa kompyuta au na watu wengine kwa njia ya mtandao. Kila mchezo wa namna hii una sehemu mbili. Ya kwanza ni injini, yaani programu inayochora kuta na mianga, inayokokotoa mwendo, migongano na mvutano wa ardhi, na inayopitisha habari baina ya wachezaji. Ya pili ni mali ya mchezo: ramani, sanamu za wahusika, picha za kuta na sauti. Injini huandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo binadamu huweza kuisoma, na maandishi hayo ndiyo yaitwayo msimbo asilia. Makampuni mengi huyaficha, yakauza tu umbo la mwisho ambalo mashine hulielewa na mtu halielewi.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Waingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, hivyo hulazimika kila mara kueleza wanakusudia lipi. Msemaji wa Kiswahili anayo maneno mawili, bure na huru, na tofauti yake ni kubwa. Urban Terror, kwa mfano, ni mchezo ambao mtu huuchukua bila kulipa, lakini hana ruhusa ya kuibadilisha mali yake na kuisambaza apendavyo. Huo ni mchezo wa bure. OpenArena nao haulipiwi, lakini msimbo wake, ramani zake na picha zake zinaruhusiwa kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa upya chini ya leseni iitwayo GPL. Huo ni mchezo huru. Shule inahitaji ulio huru. Ule wa bure humwacha mwanafunzi mlangoni, akitazama ndani kwa dirisha.

Asili ya sehemu kubwa ya ukoo huu ni kampuni ya Marekani iitwayo id Software, na mtunga programu wake mashuhuri, John Carmack. Kampuni hiyo ilitoa Doom mwaka 1993, Quake mwaka 1996, Quake II mwaka 1997 na Quake III Arena mwaka 1999. Michezo hiyo iliuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Lakini baada ya miaka kadhaa ya mauzo kampuni ilikuwa na desturi ya kuutoa hadharani msimbo wa injini iliyozeeka. Msimbo wa Doom ulitolewa mwaka 1997, ukawekwa chini ya GPL mwaka 1999. Ule wa Quake ulifuata mwaka huo huo wa 1999, wa Quake II mwaka 2001, na wa Quake III mwezi Agosti 2005. Mali ya michezo haikutolewa. Wapenzi wa programu huru wakawa kama watu waliopewa mashine ya kusaga bila nafaka: iliwabidi walime wenyewe. Ndivyo ulivyozaliwa mradi wa Freedoom, ambao umechora upya kila ukuta na kila jitu linalohitajiwa na injini ya Doom; na ndivyo ulivyozaliwa OpenArena, ulioanza siku zile zile za Agosti 2005 kwa ajili ya injini ya Quake III.

Ili kuona jinsi injini inavyotawala mtindo wa uchezaji, inafaa kuanza na Doom. Mchezo huo ulikusudiwa uweze kuendeshwa na kompyuta yenye kichakataji cha 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4. Mashine ya kiasi hicho haiwezi kuchora kila ukuta wa jengo halafu ikafuta ule uliofichwa na mwingine, ingechelewa mno. Ilihitajika njia ya kujua, kabla ya kuchora, ukuta upi uko karibu na upi uko nyuma yake. Njia hiyo ilikwisha elezwa mwaka 1980 na wataalamu watatu wa kompyuta, Fuchs, Kedem na Naylor, na mwanafunzi anaweza kuifanya kwa penseli. Na achukue karatasi iliyochorwa ramani ya nyumba. Achague ukuta mmoja na kuurefusha kwa rula hadi pembezoni mwa karatasi. Ramani imegawanyika pande mbili. Katika kila upande achague ukuta mwingine, aurefushe vivyo hivyo hadi mpaka wa upande ule, na aendelee mpaka vibakie vipande vidogo visivyo na ukuta ndani yake. Akiandika mgawanyo huo kwa mpangilio, kila mstari ukizaa matawi mawili, atapata mchoro unaofanana na mti.

Faida ya mti huo huonekana mchezaji anapoanza kutembea. Kila mstari una mlinganyo wake, ax + by + c = 0. Kompyuta huweka mahali aliposimama mchezaji katika mlinganyo na kutazama jibu ni chanya au hasi. Basi. Alama ile moja hueleza upande upi wa mstari uko karibu naye, na upande huo ndio unaochorwa kwanza. Kazi nzito ya kugawa ramani ilikwisha fanywa kabla ya mchezo kuanza, na kinachobaki ni kuuliza alama, tawi kwa tawi. Mwalimu wa hisabati anayetafuta jibu la swali la kudumu la wanafunzi, kwamba milinganyo ya mistari itawafaa nini, analo hapa jibu ambalo hawatalisahau upesi.

Lakini njia hiyo ilikuwa na gharama yake. Mti wa Doom hugawa karatasi, haugawi anga. Kila mahali katika ramani pana sakafu moja na dari moja, wala haiwezekani chumba kukaa juu ya chumba kingine. Mchezaji hawezi kutazama juu wala chini. Akilenga mlalo, injini humalizia yenyewe tofauti ya kimo. Kutokana na hayo ulitokea mtindo unaojulikana na kila aliyewahi kuucheza Doom au Freedoom: vichochoro vyenye kupindapinda, lifti, milango ya siri, na makundi makubwa ya maadui yanayokuja kwa usawa wa sakafu. Hakuna mbunifu aliyeketi akaamua kwamba mtindo huo ndio mzuri kuliko yote. Maji yalifuata mkondo. Quake ilipokuja na kuugawa ulimwengu kwa mabapa ya anga badala ya mistari ya karatasi, mchezaji aliweza kuinua macho, na mara moja mchezo ukawa wa viwanja vyenye ghorofa, wa kuviziana kutoka juu, na wa kujirusha hewani kwa nguvu ya mlipuko wa roketi chini ya miguu yake mwenyewe.

Mfano ulio bora kuliko yote, hata hivyo, hauhusu kuchora. Unahusu kukimbia. Mtu anayewatazama wachezaji stadi wa OpenArena kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba hawakimbii, huruka. Huruka mfululizo, wakigeuza mwili kidogo kushoto, kisha kidogo kulia, na kasi yao hupita kiwango kilichowekwa na mchezo. Hawatumii hila ya kuharibu programu. Wanatumia vekta.

Katika Quake III kasi ya kawaida ya kukimbia ni vipimo 320 kwa sekunde, kwa kipimo cha ndani cha mchezo huo. Mchezaji anapobonyeza kitufe cha kwenda, injini haiulizi kasi yake yote ni kiasi gani. Huuliza swali jingine: katika mwelekeo anaoutaka sasa, kasi yake ina urefu gani? Yaani huchukua vekta ya kasi na kupima kivuli chake juu ya mwelekeo unaotakiwa, na urefu wa kivuli hicho, kama vitabu vya hisabati vinavyofundisha, ni kasi mara kosini ya pembe iliyopo kati ya vekta hizo mbili. Kivuli kikiwa kimefika 320, injini haiongezi kitu. Kikiwa pungufu, huongeza kidogo.

Na itazamwe hesabu yenyewe. Mchezaji yuko hewani, anakwenda kaskazini kwa 320, na anataka kwenda kaskazini. Kivuli ni 320, nyongeza ni sifuri. Sasa na ageuze mwelekeo anaoutaka kwa nyuzi 30. Kosini ya 30 ni takriban 0.866, hivyo kivuli ni 277.1 tu. Injini huona upungufu wa 42.9 na kuruhusu nyongeza. Mchezo ukiwa unachora fremu 125 kwa sekunde, kila fremu huchukua sekunde 0.008, na kanuni ya mchapuko wa hewani huruhusu nyongeza ya 0.008 mara 320, yaani 2.56, katika mwelekeo ule mpya. Vekta mbili zikijumlishwa kwa kanuni ya kosini, kasi mpya ni kipeuo cha pili cha 320² + 2.56² + 2 × 320 × 2.56 × 0.866, ambacho ni karibu 322.2. Kikomo kimevukwa kwa vipimo viwili na kidogo, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kuruka kwenyewe huanza kwa kasi ya wima ya 270 dhidi ya mvutano wa 800, hivyo mrukaji hukaa hewani sekunde 2 × 270 ÷ 800, yaani 0.675, ambazo ni fremu zaidi ya themanini. Akibonyeza kitufe cha kuruka tena wakati anapotua, msuguano wa sakafu haupati nafasi ya kumpunguza. Kasi inapoongezeka pembe inayofaa nayo huzidi kupanuka na faida ya kila fremu hupungua, na hapo ndipo ustadi wa mkono unapohitajika.

Je, ni kosa la mtunga programu? Ndiyo, ni kosa, na alilijua. Katika faili iitwayo bg_pmove.c ya msimbo wa Quake III kuna njia mbili za kukokotoa mchapuko zilizoandikwa moja chini ya nyingine. Ya kwanza ndiyo iliyoelezwa hapa. Ya pili ni sahihi na huziba mwanya huo, lakini imezimwa, na maelezo mafupi kando yake yanasema kwamba ndiyo njia inayofaa ila mwendo wake hauridhishi mkononi. Maandishi hayo machache yana thamani ya mhadhara mzima. Mhandisi alikuwa na jibu sahihi kwa hisabati na jibu bora kwa mchezaji, akaona kwamba hayalingani, akachagua. Mnunuzi wa mchezo uliofungwa angeona tu kwamba watu wanaruka, na pengine angefikiri kuwa uchawi huo ulipangwa tangu mwanzo. Msomaji wa msimbo huru huuona uamuzi wenyewe pamoja na njia iliyoachwa.

Warithi wa ukoo huo hawakuliona kosa hilo kuwa aibu. Warsow, uliotolewa kwa majaribio mwaka 2005 juu ya injini ya Qfusion iliyotokana na msimbo wa Quake II, uliufanya mwendo kuwa ndio mchezo: mchezaji hujirusha mbele, hupiga ukuta teke na kudunda, huunganisha miruko kama mchezaji wa sarakasi. Picha zake zilichorwa kwa makusudi kama katuni, rangi chache na mipaka iliyokolea, ili mshindani aonekane upesi. Hapa ndipo hoja ya picha nzuri inapopata pigo kubwa. Wachezaji wa mashindano wa Quake III walikuwa na desturi ya kutumia amri iitwayo r_picmip kuzififisha picha za kuta mpaka zikawa mabaka ya rangi, kwa kuwa urembo uliwazuia kumwona adui. Waliolipia urembo wauzime wenyewe! Mwenye kudai kwamba mchezo ni picha hana budi kuwaeleza watu hao kwanza.

Wengine walibadilisha kanuni badala ya mwendo. Tremulous, uliojitegemea mwaka 2006 juu ya injini hiyo hiyo ya Quake III, uliwapanga watu dhidi ya viumbe wageni, na kuzipa pande zote mbili kazi ya kujenga. Watu wana mtambo wao mkuu wa nguvu, wageni wana kiumbe mama. Kila upande una vituo ambamo wachezaji waliouawa huzaliwa upya, na vituo vikivunjwa vyote, kila anayekufa hufa moja kwa moja. Hivyo mchezaji asiye na shabaha nzuri aweza kuokoa upande wake kwa kujenga mahali pazuri. Baadhi ya wageni hutembea ukutani na darini, jambo ambalo kwa injini ni kugeuza tu vekta inayosema ni upi upande wa juu. Unvanquished, mrithi wake, umeendelea na mawazo hayo kwa picha bora zaidi. Lakini atakayeupenda ataupenda kwa sababu ya kanuni alizorithi kwa Tremulous.

Wapo watakaopinga kwamba picha nazo huzaa mitindo. Ni kweli, na mfano ni Doom 3 ya mwaka 2004, ambayo msimbo wake ulitolewa mwaka 2011. Injini yake ilikokotoa vivuli papo hapo, kila taa ikitupa giza lake. Mchezo mkubwa wa wapenzi uliosimama juu ya injini hiyo, The Dark Mod, uliojitegemea mwaka 2013, si wa kupiga risasi bali wa kunyemelea: mwizi hujificha gizani na kuzima mienge. Injini ya vivuli ilizaa mchezo wa vivuli. Lakini hata hapa kilichozaa si uzuri wa kivuli. Ni kwamba injini inajua kivuli kiko wapi, na kanuni za mchezo zikaweza kuiuliza. Kwa michezo huru ya shabaha, injini hiyo haikuzaa ukoo mpana kama wa Quake III, na sababu moja si ngumu kuiona: sanamu na kuta zake zilidai kazi nyingi mno ya uchoraji kwa watu wanaojitolea jioni baada ya ajira zao.

Ukoo wa pili haukutoka id Software. Mtunga programu Wouter van Oortmerssen alitoa Cube mwaka 2001, kisha Cube 2, iitwayo Sauerbraten, mwaka 2004. Ulimwengu wa Cube 2 ni mchemraba mmoja mkubwa uliokatwa katika michemraba minane, kila mmoja ukakatwa tena katika minane, na kuendelea hadi udogo unaotakiwa. Mchezaji anaweza kusimama katikati ya mchezo na kuanza kujenga, kusukuma na kukata kuta, na wenzake wakajenga pamoja naye kwa njia ya mtandao wakati huo huo. Kwa darasa la jiometri ni vigumu kutaja chombo kinachozidi hicho. Kutokana na Cube ya kwanza ulitoka AssaultCube mwaka 2006, mchezo wa makumi machache tu ya megabaiti ambao hukimbia katika kompyuta zilizokwisha tupwa na ofisi. Kutokana na Cube 2 ulitoka Red Eclipse mwaka 2011, wenye kukimbia juu ya kuta. Ni haki kusema pia kwamba katika ukoo huu si mali yote iliyo huru; msimbo uko wazi, lakini baadhi ya picha na sauti zina masharti ya wachoraji wake, na mwalimu anayetaka kugawa nakala azisome leseni kwanza.

Red Eclipse ndio unaoonyesha bei ya urembo. Mwaka 2019 ulihamia injini ya Tesseract, ambayo imeacha desturi ya kukokotoa mianga mapema na kuihifadhi ukutani, ikaikokotoa yote wakati wa kucheza. Mjenzi wa ramani amenufaika, kwa sababu hangoji tena hesabu ndefu kila anapohamisha taa. Mwenye kompyuta ya zamani amebaki nje, kwa sababu injini hiyo yahitaji kadi ya michoro yenye nguvu. Haiwezi kusemwa kwamba waandishi wake walikosea. Kazi ni yao. Lakini chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, chenye mashine zilizopatikana kwa msaada na zenye umri usiolingana, kimo katika kundi la waliobaki nje, na mwalimu anayechagua kwa macho atachagua mchezo ambao wanafunzi wake hawataweza kuufungua. AssaultCube utafunguka.

Kuna jambo jingine ambalo urembo hausemi, nalo ni nani mwenye mchezo. Nexuiz ulikuwa mchezo huru uliotolewa mwaka 2005 juu ya DarkPlaces, injini ya Quake ya kwanza iliyoongezewa mianga ya kisasa. Mwaka 2010 jina lake lilipewa kampuni ya IllFonic ili itengeneze mchezo wa kuuzwa kwa mashine za michezo. Wengi waliokuwa wameujenga kwa kujitolea waliona wametengwa. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, hadithi ingeishia hapo, kwa manung'uniko. Lakini leseni ilikuwa GPL. Walichukua kazi yote, wakaipa jina jipya, Xonotic, na kuendelea mwaka huo huo. Mchezo wa kuuzwa ulitoka mwaka 2012 kupitia kampuni ya THQ, ambayo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika kabla ya mwaka kwisha. Xonotic bado ulikuwa ukitoa matoleo mapya mwaka 2023.

Pingamizi zito kuliko yote, bila shaka, ni la silaha. Mkuu wa shule atauliza ni elimu gani ipatikanayo kwa kijana kumpiga risasi mwenzake, hata kama ni kwenye kioo, na swali hilo lastahili heshima. Halijibiwi kwa kusema kwamba ni mchezo tu. Katika OpenArena baadhi ya sanamu za wahusika wa kike zimechorwa kwa namna isiyofaa kabisa mbele ya darasa, na hakuna hoja ya hisabati inayoweza kuzitetea. Lakini ndiyo faida ya kuwa na msimbo na mali iliyo huru: kisichofaa hutolewa. Injini haijui damu wala bunduki. Inajua nukta iliyotoka mahali fulani kwa mwelekeo fulani, na kama mstari wake unakata bapa au mwili. Darasa linaweza kuibadilisha bunduki iwe tochi, au likaondoa kila silaha na kubakiza mbio za miruko, kama wanavyofanya tayari wapenzi wa Xonotic na Warsow wanaoshindana kumaliza njia kwa sekunde chache bila kumdhuru mtu. Kupiga marufuku michezo yote katika chumba cha kompyuta ni rahisi. Kwa kufanya hivyo shule hufunga pamoja nayo maabara ya jiometri na mekanika isiyogharimu hata chupa moja ya kemikali.

Wala si lazima kuanza na kioo. Mwalimu anaweza kuanza ubaoni, kwa ile njia ya pili iliyozimwa katika bg_pmove.c. Njia hiyo haipimi kivuli. Huchukua vekta ya kasi inayotakiwa, hutoa humo vekta ya kasi iliyopo, na kusukuma upande wa tofauti yake. Kwa mfano ule ule wa nyuzi 30, kasi iliyopo ni (320, 0) na inayotakiwa ni takriban (277.1, 160). Tofauti yake ni (−42.9, 160), ambayo urefu wake ni karibu 165.6. Injini ikisukuma kwa 2.56 katika mwelekeo huo, kasi mpya huwa takriban (319.34, 2.47), yaani urefu wa 319.3. Njia ya kwanza ilitoa 322.2. Wanafunzi wakishakubaliana juu ya tarakimu hizo mbili, na waende kwenye kompyuta, wafungue faili, watafute mahali palipoandikwa #if 1, waifanye 1 iwe 0, wajenge programu upya kwa kompaila, na waruke.